Kete moja kila zamu: kanuni iliyounda vita vya bao

Kabla bao la Kiswahili halijaanza, kila mchezaji hupanga kete 10 tu upande wake. Sita huingia nyumba, yaani shimo la mraba lililo la tano kutoka kushoto kwake, na mbili mbili huwekwa katika mashimo mawili yanayofuata kuliani. Kete 22 zinazosalia hazigusi ubao. Hukaa mkononi au pembeni, na kila zamu ikifika huingizwa moja. Anayeshinda anaingiza moja, anayeshindwa anaingiza moja, mpaka ziishe.

Kanuni hiyo inafuatwa katani Sofu mjini Kibaha, Kisarawe kwa Wazaramo, Bagamoyo, Unguja na Lamu, na wengi wanaoifuata hawajaiona imeandikwa popote. Wameipokea barazani, kwa kukaa nyuma ya mabega ya wakubwa. Kwa maoni yangu ndiyo kanuni yenye akili kuliko zote katika mchezo huu, na ndiyo iliyolipandisha bao juu ya ndugu zake wengi.

Ndugu ni wengi kweli. Michezo ya ubao wa safu nne imeenea kutoka Uganda hadi kusini mwa bara. Mwaka 1658 Mfaransa Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana wa kituo cha Fort-Dauphin, alichapa kitabu juu ya kisiwa cha Madagaska na humo akaeleza mchezo wa kete na mashimo unaofanana na wetu. Malawi wana bawo, jirani wa karibu kabisa wa bao. Waganda wana omweso, wenye kete 64 kama bao, lakini zote ziko ubaoni tangu mwanzo: kila mmoja hupewa 32 akazipanga, ndipo vita vianze.

Hapo ndipo njia zinapoachana, na huhitaji kwenda Kampala kuiona tofauti. Watoto wa Pwani huanza na bao la kujifunza. Ubao ni uleule wa mashimo 32, kete ni zilezile 64, ila kila shimo hutiwa mbili na mkononi hakibaki kitu. Anayeanza anaweza kula tangu zamu ya kwanza, na mwenye hesabu ndefu humwumiza mwenzake kabla hajagusa kete. Ni mchezo mzuri wa kufundishia vidole na macho. Lakini mali yote ikiwa uwanjani tangu mwanzo, mwenye kete ya kwanza amependelewa mno, na hakuna la kungojea.

Sasa rudi kwenye bao la watu wazima. Kula kunawezekana pale tu kete yako inapoingia shimo la mbele lenye kete, linalotazamana na shimo la mpinzani lenye kete pia. Tazama mpangilio wa mwanzo: nyumba yako na mashimo mawili ya kuliani kwake yanatazamana na matupu ya mwenzako, na yake yanatazamana na matupu yako. Anayeanza hawezi kula. Lazima atakate: aongeze kete moja katika mojawapo ya yale mashimo mawili madogo, azichukue tatu, azisambaze kushoto au kulia. Akienda kushoto, kete zake zinasogea mbele ya mashimo ya mpinzani, na vita vimefunguliwa kwa mkono wake mwenyewe. Akienda kulia, anajificha kwenye pembe na safu ya nyuma. Faida ya kuanza imekatwa makali, na aliyefanya hivyo ni mtunga kanuni ambaye jina lake halikuhifadhiwa na mtu.

Kipato cha bao, yaani kete unazoingiza na unazokula, kina masharti mengine mawili, nayo ndiyo yanayowasumbua mabingwa. La kwanza ni mahali kinapoingilia. Kete ya mkononi haiwezi kutiwa safu ya nyuma. Huingia safu ya mbele, tena katika shimo ambalo tayari lina kete. Kete za kuliwa nazo husambazwa kuanzia kichwa, yaani shimo la pembeni, kupita safu hiyohiyo ya mbele. Safu ya nyuma haiwezi kuliwa kabisa, lakini hakuna kipato kinachofika huko moja kwa moja. Kila unachopata hukaa kwanza mbele ya macho ya adui. Ndiyo maana bingwa hafurahii wingi wa kete peke yake. Anauliza ziko wapi, na zitazungukaje pembe kwenda nyuma kabla hazijaliwa.

La pili ni kwamba kula ni lazima. Huruhusiwi kukataa nyara. Mchezaji hodari humwachia mwenzake shimo la kuliwa, akijua kwamba akila kwenye kichwa au kimbi, shimo la jirani yake, upande wa kusambazia umeshaamuliwa naye hana tena hiari. Anapokea kete zile kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anazipeleka kuziba au kufungua mahali palipopangwa na mpinzani. Sijui mchezo mwingine wa vita ambamo kumtajirisha adui kwa nguvu ni silaha ya kila siku namna hii.

Juu ya yote kuna nyumba. Kete za kula zikisambazwa na ya mwisho ikaangukia nyumba yako pasipo cha kula, unaweza kulala hapo, au ukasafiri: ukazoa zote ukaendelea. Ukishasafiri, haki ya nyumba imekwisha hadi mchezo uishe. Nyumba ikineneka ni akiba ya kumaliza vita kwa safari moja, na wakati huohuo ni windo kubwa kuliko yote ubaoni, kwa maana adui akiila anazoa kila kitu. Uamuzi wa lini usafiri unategemea zile kete 22. Kila mmoja anaweza kuhesabu mkono wa mwenzake. Akibakiwa na mbili, hatari zake zijazo zinajulikana. Akiwa na 15, nyumba iliyosafiri mapema inaweza kujutiwa kwa muda mrefu.

Katika kugawa kipato, michezo ya vita iliyotungwa Ulaya na Marekani karne ya 20 ilikwenda njia tofauti. Risk, uliotungwa na mtengenezaji filamu wa Kifaransa Albert Lamorisse na kutoka mwaka 1957, humpa mchezaji majeshi mapya kwa kugawa idadi ya maeneo yake kwa tatu, na hakuna anayepata chini ya matatu. Kadi zake hukombolewa kwa majeshi yanayozidi kila seti inapotolewa mezani, kwa hiyo kumfuta mnyonge aliyeshika kadi nyingi huwa na faida kuliko kupigana na mkubwa. Diplomacy wa Mmarekani Allan Calhamer, wa mwaka 1959, una vituo 34 kwa madola saba, na jeshi lako halizidi vituo ulivyo navyo. Katika yote miwili aliye nacho huongezewa, na wanyonge hulazimika kushikana mikono dhidi ya mkubwa, maana posho haitawaokoa.

Bao ni la wawili, na hakuna wa kufanya naye mapatano. Kinga ya mnyonge imewekwa ndani ya posho yenyewe, ile kete moja ya kila zamu. Aliyepigwa vibaya zamu ya tano bado ana kete 17 za kuingiza, sawa na mshindi wake. Historia ya mchezo mmoja hubeba mapinduzi mawili matatu, na watazamaji hawaondoki. Kinachomtisha mnyonge ni safu ya mbele kukauka kabisa, kwa kuwa hapo mchezo unakwisha hata kama mkono umejaa. Kushindwa namna hiyo huitwa mkononi, na aibu yake inajulikana barazani kote.

Kete za mkononi zikiisha huanza hatua ya mtaji, na thamani ya mali inabadilika ghafla. Sasa unacheza kwa kuzoa shimo lenye kete mbili au zaidi. Mashimo ya kete mojamoja hayawezi kuanzisha kitu. Aliyetandaza kete nyingi lakini moja kila shimo anaweza kushindwa na mwenye chache zilizokusanyika vizuri. Kwa hiyo zamu tano sita za mwisho za kuingiza kete ni maandalizi ya uchumi mwingine kabisa, na hapo ndipo fundi anapojitenga na mchezaji wa kawaida.

Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mabingwa wa Zanzibar akachunguza kumbukumbu na hesabu zao, na mwaka 1995 akatoa kitabu juu ya umahiri huo. Philip Townshend alikuwa ameandika kuhusu bao na maadili ya Waswahili mwaka 1982. Kwetu, Mwalimu Nyerere alilicheza hadharani bila kuona haya, na hadi leo bao lina nafasi yake katika mashindano ya SHIMIWI ya watumishi wa wizara na idara za serikali, pamoja na karata na drafti.

Tulichokosa ni daftari. Wacheza sataranji wanaweza kuurudia mchezo wa miaka mia iliyopita kete kwa kete, kwa kuwa uliandikwa. Fainali zetu za bao hutangazwa kwa jina la mshindi na kikombe chake, bila zamu hata moja. Mashimo 16 kwa kila upande yanapewa namba kwa urahisi, na kete 22 za kila mmoja zinajaza ukurasa mmoja tu. Kijana mwenye kalamu akikaa kando ya wazee wa Sofu jioni moja, anaweza kuanza na ukurasa huo.