Jinsi Django inavyochota habari kutoka hifadhidata

DJANGO ni mfumo wa kuundia tovuti kwa lugha ya kompyuta ya Python. Ulibuniwa mwaka wa 2003 na Adrian Holovaty na Simon Willison katika gazeti la Lawrence Journal-World, jimbo la Kansas, Marekani, ukatolewa kwa umma Julai 2005.

Mtunzi wa programu anapoagiza habari kutoka hifadhidata, Django haimletei papo hapo. Humkabidhi QuerySet, yaani swali lililoandaliwa lakini ambalo bado halijaulizwa. Anaweza kuliongezea masharti au kulipanga kwa tarehe bila hifadhidata kuguswa. Swali huulizwa pale tu matokeo yanapohitajika, kwa mfano ukurasa unapoanza kuyaorodhesha.

Kuchelewa huko kuna manufaa. Akitaka habari 10 za mwanzo kati ya maelfu, hifadhidata hutoa 10 tu.

Hata hivyo, pana mtego. Tuseme ukurasa unaonyesha habari 100 pamoja na majina ya waandishi, ambayo yamewekwa katika jedwali jingine. Swali la kwanza litaleta habari zote, kisha kila jina litazua swali lake. Jumla ni maswali 101 kwa msomaji mmoja.

Katika majaribio yenye habari tano, kasoro hiyo haionekani. Lakini haba na haba hujaza kibaba: wasomaji wakiwa wengi, tovuti hulemewa.

Tiba ni amri ya select_related, ambayo huunganisha majedwali hayo na kuleta yote kwa swali moja. Iwapo kila habari ina mada nyingi, hutumiwa prefetch_related, ambayo huuliza maswali mawili na kuoanisha majibu.

Aidha, anayetaka idadi pekee atumie count(), ili hifadhidata yenyewe ihesabu. Akitumia len(), rekodi zote hupakiwa kwanza katika kumbukumbu ya kompyuta. Ila kama rekodi hizo zitaonyeshwa hata hivyo, len() ndiyo nafuu, kwani QuerySet huhifadhi matokeo na haiulizi tena.

Django ikiwa katika hali ya majaribio hurekodi kila swali linaloulizwa. Ni busara kuyahesabu kabla ya kuwafungulia wasomaji tovuti.