Kabla Ununue Wufa Mpya, Cheki Kwanza Hiyo Ngoma Ilirekodiwa Aje

Umepanga kushuka Luthuli Avenue na doo zako kusaka wufa kubwa, juu ile ya sasa imekuangusha? Tulia kidogo. Inawezekana mashine yako iko sawa, shida ni kile unachoilisha.

Iko hivi: spika haiwezi kutoa sauti ambayo haiko kwa rekodi. Kile maiki haikushika studio, ama prodyusa alikiua akimix, kimeenda. Wufa ya 5,000 na ya 500,000 zote haziwezi kukirudisha. So ndio, rekodi ndiyo huamua mziki wako unaweza kufika juu kiasi gani. Mashine na chumba huamua utafika karibu aje na hapo.

Cheki Metallica na albamu yao Death Magnetic ya 2008. Ilibanwa na kupandishwa volyumu mpaka dramu na gitaa zikaanza kukwaruza. Ngoma hizo hizo zikatoka pia kwa gemu ya Guitar Hero bila kubanwa vile, na mashabiki wakaskia ya gemu ndiyo safi. Bendi moja, magitaa yale yale, na spika za msee hazijabadilika.

Na usidhani rekodi ya kitambo lazima iwe mbovu. Kind of Blue ya Miles Davis ni ya 1959 na bado wasee huitumia kupima spika. Nayo ilikuwa na kisanga chake: mashine ya tepu ilikosea spidi, so kwa miaka mingi ngoma tatu za kwanza ziliskika juu kidogo kuliko zilivyopigwa. Zilirekebishwa miaka ya 1990.

Sasa, usichanganye rekodi na faili. Ngoma inaweza kuwa imerekodiwa fiti, halafu wewe uko na kopi ya 128 kbps uliyotoa mahali haijulikani. Kuibadilisha iwe 320 ni kazi bure, faili inanenepa lakini kilichotupwa hakirudi. Kwa hesabu ya bando, saa moja ya 320 hula kama MB 144, ya 128 kama MB 58. Hapo najua wengi mtachagua bando, na siwalaumu.

Kitu hushangaza watu ni hiki: mashine poa hufanya rekodi mbovu iskike mbovu zaidi. Kaspika ka simu huficha makosa, spika kali huyaanika yote.

Jaribu hivi. Chukua ngoma moja, icheze kutoka kwa faili yako, halafu kutoka kwa app ikiwa kwa ubora wa juu. Tumia waya, si Bluetooth, na volyumu iwe sawa, juu maskio hupenda chochote kilicho na kelele zaidi. Ukiskia tofauti, weka doo yako kwa mziki, si kwa wufa.

Kama hata ile safi inatoka na matope, toa wufa kwa kona. Kona hupandisha besi mpaka inameza kila kitu, haswa kwa bedsitter ya tiles na kuta tupu. Isogeze kama futi mbili kutoka ukutani, tundika pazia nzito, skia tena. Ikikataa, sasa shuka Luthuli, na ubebe hiyo ngoma kwa flash ukaijaribu kwa duka kabla utoe doo.