Dawa ya nywele: maswali ya bibi yangu kule Ipole

Mniwie radhi kwa ukimya. Nilikuwa Ipole kwa bibi, na kule mtandao unaupata ukisimama chini ya mwembe mmoja tu, tena uinue mkono juu kama unaomba ruhusa ya kwenda chooni. Sasa nimerudi chuo, bumu halijatoka, nina muda. Acha tuendeleze libeneke.

Kwa wasiojua, Ipole iko wilaya ya Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora. Ni pale barabara inapogawanyika, moja inaelekea Mpanda, nyingine inashuka Rungwa kwenda Mbeya. Kuna miombo, tumbaku, na asali ambayo ukishaionja ile ya dukani unaiona maji ya sukari. Ndiko alikozaliwa baba yangu na ndiko aliko bibi.

Nilifika jioni na kilemba kichwani. Kesho yake asubuhi nikamwamkia, "Mwangaluka bibi." Akaitikia, akanitazama, akasema, "Vua hicho kitambaa, humu ndani hakuna jua." Jamani, nilikuwa nimemficha kila mtu tangu mwanzo wa semista, hata hawa ninaolala nao chumba kimoja. Nikavua. Juu ya masikio hakuna kitu. Mbele paji limepanda, limekuwa uwanja. Bibi akapitisha kidole taratibu, akauliza nani kaninyonyoa.

Nikamwambia ni rasta, bibi, zilibana sana. Na kabla ya rasta nilikuwa natia dawa.

"Dawa? Ulikuwa unaumwa nini?"

Nilitaka kucheka nikashindwa. Kwa kweli nilikuwa naumwa nini? Sisi wasichana tunasema "natia dawa", "dawa yangu imeisha, naenda kurudishia", na hatujiulizi. Nywele hazikuwa na ugonjwa wowote. Zilianza kuumwa baada ya hiyo dawa. Basi, kwa kuwa mimi ni mtu wa historia na likizo ni ndefu, nikaanza kuchimba: je, dawa ya kweli ya kukatika nywele, ile ya kudumu, ipo? Itapatikana? Niliyoyakuta ndiyo haya.

Naanzia nyumbani. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, yaani Tabora hii hii, Novemba 1857, wakifuata njia ya misafara kutoka pwani. Burton alikuwa mtu wa dharau nyingi, lakini alikuwa anaangalia. Katika kitabu chake cha 1860 anaeleza kwamba Wanyamwezi walisokota nywele zao vishungi vidogo vidogo vikaning'inia hadi shingoni. Kwa hiyo wale mababu waliobeba pembe za ndovu hadi pwani, miezi kwa miezi, walikuwa na mitindo ya nywele. Wazo kwamba kusuka ni mambo ya mjini, lifute. Nilipomsomea bibi habari hii akasema anaijua, kwani kwao walisuka na walinyoa. Mtu akifiwa ananyoa, nywele zinaanza upya. Hakuna kichwa kilichosukwa mfululizo mwaka hadi mwaka. Hilo la kupumzisha kichwa nawaomba mlikumbuke, nitalirudia.

Sasa tutoke Tabora kidogo, twende kwenye barafu. Mwaka 1907 daktari mmoja aitwaye Trebitsch alieleza habari za wanawake wa Greenland waliokuwa wakivuta nywele zote juu na kuzifunga kwa nguvu utosini. Walikuwa wanapata upara pembeni, pale pale mvuto unapoanzia. Ndiyo maelezo ya mwanzo ya kitabibu ya upara wangu mimi! Wanawake wa Greenland, hawana rasta, hawana dawa, na kichwa kile kile. Nilipolisoma hili nilifarijika kwa namna ya ajabu. Tatizo halikuwa nywele za Kiafrika kuwa "ngumu" kama tulivyoambiwa tangu utoto. Tatizo ni kuvuta.

Mwaka ule ule wa 1907, Marekani, kulikuwa na mama anazunguka akiuza dawa ya kuotesha nywele. Alizaliwa Louisiana mwaka 1867 kwa jina la Sarah Breedlove, wazazi wake walikuwa watumwa walioachwa huru. Dunia inamjua kama Madam C. J. Walker. Nywele zake zilikuwa zinanyonyoka. Alipopata dawa iliyomfaa akaanza kuiuza, na alikufa 1919 akiwa mmoja wa wanawake weusi matajiri kuliko wote Marekani. Alisimulia kwamba mtu mweusi mkubwa alimtokea ndotoni akamtajia vya kuchanganya, na vingine vilitoka Afrika. Wadau, mnaona biashara hiyo? Ndoto na Afrika, kama mabango yetu ya waganga.

Ila usimcheke haraka. Ndani ya kopo lake kulikuwa na salfa, mafuta ya mgando, mafuta ya nazi na nta ya nyuki. Nta! Bidhaa ambayo Unyamwezi nayo ilikuwa inaiuza nje enzi za Wajerumani. Siwezi kusema nta ya Ipole ilifika kwenye kopo lake, hiyo itakuwa porojo. Ninachosema ni kwamba dawa ile ilifanya kazi kwa sababu ya kawaida kabisa. Wanawake wengi wa wakati ule hawakuwa na maji ya bomba, waliosha vichwa kwa nadra, ngozi ikashika mba na vidonda, nywele zikaanguka. Yeye aliwaambia waoshe mara kwa mara, wapake salfa. Ngozi ikapona, nywele zikarudi. Kumbe hakuotesha chochote, aliondoa kilichokuwa kinazuia.

Mfano mzuri kuliko wote ni mapunye. Kila mmoja wetu aliwahi kuwa nayo au alikaa dawati moja na aliyenayo. Ni fangasi, wanakata nywele na kuacha madoa kama shilingi. Mwaka 1904 huko Paris daktari Sabouraud alitumia miale ya eksirei kuangusha nywele zote zenye fangasi ili mpya ziote safi. Njia hiyo ikaenea duniani. Kule Israeli, kati ya mwisho wa miaka ya 1940 na 1960, maelfu kwa maelfu ya watoto wa wahamiaji walipigwa miale hiyo kichwani, na miaka mingi baadaye wengi walionekana kupata uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya shingo. Kisha mwaka 1958 ikaja griseofulvin, kidonge. Unameza wiki kadhaa, fangasi wanakufa, nywele zinaota, kwisha. Hiyo ni tiba ya kudumu ya kukatika nywele, na imekuwepo kabla baba yangu hajazaliwa. Hatuiiti hivyo tu kwa sababu inatibu watoto wa shule wasio na hela, haitibu matajiri wa makamo.

Hapo baba mkubwa akaingilia. Yeye kichwa chake kinang'aa tangu nikiwa darasa la tatu, na maneno yote haya alikuwa anayasikiliza akiwa kwenye kiti chake pale barazani. "Mwanangu, hayo ya mapunye sawa. Mimi yangu lini?"

Shikamoo baba mkubwa, yako ni habari nyingine. Tangu enzi za Hippocrates, Wagiriki walijua kwamba matowashi hawapati upara. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton alithibitisha: wanaume waliohasiwa mapema hawakuwa na upara, lakini wakichomwa sindano za homoni ya kiume, wale wenye upara katika ukoo wakaanza kunyonyoka. Sindano ikisimama, kunyonyoka kunasimama, ila zilizoanguka hazirudi. Yaani sababu ni urithi na homoni kwa pamoja. Baba mkubwa aliposikia neno kuhasiwa akasema basi, abaki hivyo hivyo.

Dawa zilizopo za upara wa aina yake zilipatikana kwa bahati. Minoxidil ilikuwa ya shinikizo la damu, wagonjwa wakaanza kuota nywele sehemu zisizotarajiwa, na mwaka 1988 Marekani ikairuhusu kupakwa kichwani. Finasteride ilianza 1992 kama dawa ya tezi dume, ikaruhusiwa kwa upara 1997. Zote mbili zinasaidia watu wengi. Lakini ukiacha, ndani ya miezi kadhaa unarudi ulikokuwa. Hizo ni nywele za kupanga, kama chumba: lipa kila mwezi, usipolipa mwenye nyumba anatoa virago nje.

Na mpya? Zipo. Juni 2022 Marekani iliruhusu baricitinib kwa ule upara unaotokea kinga ya mwili inaposhambulia nywele zake yenyewe. Kama theluthi moja ya waliopewa kipimo kikubwa walirudisha sehemu kubwa ya nywele. Ni jambo kubwa, watu walikuwa hawana hata nyusi! Ila nayo wengi wakiacha zinaanguka tena, na bei yake usiulize. Mwaka 2024 watafiti wa Sheffield na wenzao wa Pakistan walipaka panya aina ya sukari iliyomo mwilini, manyoya yakaota karibu sawa na ya minoxidil. Kwa panya lakini, kwa hiyo usije ukajimwagia sukari ya chai.

Kuna moja inayotuhusu sisi zaidi. Upara unaoanzia utosini kwa wanawake weusi na kuacha makovu, zamani ulilaumiwa kwa kitana cha moto peke yake. Mwaka 2019 ikaonekana karibu robo ya wagonjwa waliochunguzwa wana hitilafu katika jini moja linalohusika na kutengeneza unywele. Na 2024 madaktari wa Johns Hopkins waliwapa wagonjwa 12 metformin, kidonge cha kisukari hiki hiki cha zahanati zetu, na 6 kati yao nywele zikaanza kuota. Ni watu 12 tu, mtu asiende kununua. Lakini ilikuwa imedhaniwa kovu likishaingia mchezo umekwisha. Kumbe huenda bado.

Basi jibu langu ni hili. Hakuna ugonjwa mmoja unaoitwa upara, kwa hiyo hakutakuwa na dawa moja. Pale sababu inapojulikana na kuondolewa kabla ya kovu, tiba ya kudumu ipo tayari. Pale sababu iko kwenye damu ya ukoo, tunalipa kodi, na pengine siku moja wataalamu watatununulia nyumba. Anayekuuzia kopo moja la kila kichwa anauza ndoto ya Madam Walker bila salfa yake.

Na mimi? Nilipita kwa daktari wa ngozi kabla ya kurudi chuo. (Kama hujui, pale KCMC Moshi kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa Afrika tangu 1992. Wapo, siyo mpaka Uturuki.) Akaniambia juu ya masikio kuna vishimo vya nywele bado hai, zitarudi nikiacha kuvuta. Upande wa kushoto mbele, mahali pana ukubwa wa kidole gumba, pamekuwa kovu. Pale basi. Nilijua tangu mwaka wa kwanza kwamba rasta zinauma. Yule dada wa saluni aliniambia zikiuma ndiyo zitadumu, na usiku nilimeza panadol ili nilale. Ningezifumua usiku ule, pale leo pangekuwa na nywele.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sekondari tulinung'unika miaka minne kwa sababu ya kunyolewa. Tulisema wanatunyima uzuri. Nasema bado kwamba msichana asilazimishwe. Ila nikitazama picha zangu za kidato cha nne, mstari wa nywele umekaa kama umechorwa.

Mnaokumbuka somo letu la Operesheni Vijana: Oktoba 1968 vijana wa TANU walitangaza kwamba kuanzia Januari 1969 ni marufuku sketi fupi, suruali za kubana, mkorogo na mawigi. Nilipokuwa mwaka wa kwanza niliandika insha kali sana ya kuwapinga. Bado nawapinga. Lakini wigi ndilo limenivusha semista nzima, na chini yake hakuna aliyeniuliza ninaumwa nini. Hilo nililiulizwa Ipole tu.

Siku ya mwisho mdogo wangu, ana miaka tisa, akaja na paketi mbili za rasta alizonunuliwa mnadani. Akakaa chini katikati ya miguu yangu, akasema, "Dada, nisuke ndogo ndogo, zibane, zisifumuke mpaka shule ifunguliwe."

Nikamsuka mabutu manne makubwa ya nywele zake mwenyewe, yamelegea. Alilia. Alisema nina wivu kwa kuwa mimi sina. Bibi alikuwa anachambua mboga pale pembeni, hakusema kitu, akanipa wembe na kiti. Nikakaa, akaninyoa zote, na yule mtoto akaacha kulia ili atazame.

Kwa hiyo mkiniona maktaba na kichwa cheupe, ndiyo mimi. Pande za masikio zimeanza kuchipua, ukigusa zinachoma kama ndevu za siku mbili. Kushoto bado. Alamsiki.