Shubiri ya Turkana: utomvu ukishaganda, jicho halitoshi

Mpwani hahitaji kuelezwa shubiri ni nini. Kina mama waliipaka chuchuni mtoto alipokataa kuacha ziwa. Turkana, kuanzia Lodwar hadi Kakuma, mmea huo huitwa echuchuka, na mbali na kuwa dawa, utomvu wake ni pesa.

Tatizo ni kwamba mishubiri si ya aina moja. Kaskazini huota Aloe turkanensis, wenye kuchipua mashina mengi pamoja, na pia Aloe secundiflora, ambao aghalabu husimama peke yake. Mchungaji huitofautisha kwa kutazama tu. Lakini jani likishakatwa, utomvu ukakingwa na kuchemshwa hadi ugande, kinachobaki ni donge jeusi-jeusi, chungu mno, lisilo na jani wala ua. Mfanyabiashara akiliita Aloe vera, nani atambishia?

Maabara inaweza. Chembe ya donge huyeyushwa kwa methanoli, tone lake likatiwa kwenye bamba lililopakwa silika, na ncha ya bamba ikachovywa katika kiyeyusho. Kiyeyusho kinapopanda, kila kemikali hupanda nacho kwa mwendo wake na kukoma mahali pake. Bamba likinyunyiziwa haidroksidi ya potasiamu na kumulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, aloini hung'aa njano, aloesini buluu hafifu.

Hapa ndipo watu huteleza. Kuona aloini pekee hakuthibitishi kitu, maana imo katika vera na imo katika secundiflora. Kinachosomwa ni mpangilio mzima wa madoa, ukilinganishwa na utomvu wa mmea uliotambuliwa ungali na maua yake. Katika secundiflora, kwa mfano, imepatikana aloenini, doa la kutafutwa mtu anapodai ameuza vera.

Jina hilo lina uzito. Mkataba wa CITES unasimamia biashara ya kimataifa ya mishubiri yote isipokuwa Aloe vera. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa porini mwaka 1986, kisha kanuni za 2007 zikafungua njia ya leseni. Donge la porini likiandikwa vera hupita bila kibali, na mvunaji wa Kakuma aliyefuata sheria hubaki kushindana na asiyelipia chochote.

Kikundi cha wavunaji kikikausha shina moja la maua na jani lake kwa kila mtungi kinaouza, kitakuwa na cha kuiwekea maabara mezani siku ya ubishi.