Weupe Ulioonwa Kutoka Kitui: Safari ya Kupima Barafu ya Mlima Kenya

Mnamo Desemba 3, 1849, mawingu ya mvua za vuli yalifunguka juu ya Ukambani. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alitazama kutoka Kitui akaona vitu viwili mfano wa pembe vimesimama juu ya mlima mkubwa, vimevikwa weupe. Hakuwa na kipimo ila macho yake, na kati yake na kilele hicho palikuwa na kilomita zipatazo 150.

Vitabu vya shule huiita siku hiyo siku ya "kugunduliwa" kwa Mlima Kenya. Watu wa Kitui wana haki ya kucheka. Krapf alikuwa mgeni wa Kivoi Mwendwa, kiongozi na mfanyabiashara ambaye misafara yake ya pembe za ndovu ilifika hadi pwani, na ni Kivoi aliyemweleza habari za mlima huo. Krapf aliliandika jina kama alivyolisikia, Kima ja Kegnia, akalifasiri kuwa mlima wa weupe. Wakamba wengi husimulia kwamba asili ya jina ni nyaa, yaani mbuni, kwa kuwa miamba myeusi iliyochanganyika na barafu nyeupe hufanana na manyoya ya mbuni dume. Vyovyote iwavyo, jina la nchi nzima lilitoka kwenye weupe ule.

Ushahidi mzito zaidi Krapf aliupata kwa mtu wa Uembu aliyeitwa Rumu wa Kikandi. Huyu alikuwa ameufikia mlima wenyewe, lakini hakupanda mbali, kwa sababu juu kulikuwa na kitu cheupe alichokiita kirira, chenye baridi kali. Kitu hicho, alisema, hutiririsha maji bila kukoma, na maji hayo ndiyo huanzisha Mto Tana. Bila chombo chochote, Rumu alikuwa ametaja mambo mawili ambayo wapimaji wa leo hutumia mamilioni kuyafuatilia: barafu ipo, na inayeyuka.

Habari zilipofika London, zilikataliwa. Mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alikuwa tayari ameikejeli taarifa ya Johannes Rebmann, mmisionari mwenzake Krapf, kuhusu theluji ya Kilimanjaro, aliyoiona Mei 11, 1848. Theluji karibu na ikweta? Alishikilia kwamba wamisionari walidanganywa na macho yao. Mabishano yaliendelea kwa miaka, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewauliza Kivoi wala Rumu.

Krapf alirudi mwaka 1851, akitaka kufika Tana. Safari iliishia pabaya. Msafara ulivamiwa karibu na mto, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake nyikani. Alipoyafikia maji ya Tana hakuwa na chombo cha kuyabebea, basi akajaza mfuko wa ngozi wa darubini yake na mitutu ya bunduki. Mfuko wa kifaa alichokibeba kwa ajili ya kuona mbali ukageuka kibuyu, na kwa maji hayo akatembea usiku kurudi kwa wenyeji wake.

Joseph Thomson aliuona mlima kwa karibu mwaka 1883, na ubishi wa London ukaisha. Mwaka 1893 John Walter Gregory alifika kwenye barafu yenyewe, na Septemba 1899 Halford Mackinder na waelekezi wake wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, wakasimama juu ya Batian, kilele cha juu kabisa, mita 5,199. Mackinder alirudi na ramani. Wakati huo mlima ulikuwa na mabonge 18 ya barafu inayotambaa. Kubwa kuliko yote lilikuwa Lewis.

Hapo ndipo upimaji halisi ulipoanza. Mwaka 1934 Wajerumani Carl Troll na Karl Wien walichora Lewis kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka ardhini. Katika miaka ya 1970 Stefan Hastenrath wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alianza kuifuatilia kwa karibu. Mbinu yake mkulima wa Makueni angeielewa mara moja: unatoboa barafu, unachomeka mti, kisha unarudi baadaye kuona umetokeza kiasi gani. Ukitokeza nusu mita zaidi, barafu ya mahali hapo imepungua nusu mita.

Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya Landsat, na jicho likahamia angani. Setilaiti huitambua barafu kwa jinsi inavyorudisha mwanga: hurudisha kwa wingi mwanga tunaouona, lakini humeza sehemu kubwa ya miale ya infraredi. Mawingu hurudisha yote mawili, hivyo kompyuta huweza kuvitenganisha. Katika visiwa vya ncha ya kaskazini mbinu za namna hii zimefanya makubwa. Barafu ya Svalbard peke yake ni pana kuliko Kaunti ya Kitui, na hakuna jeshi la watu wenye miti ya kuchomeka lingeweza kuimaliza. Huko rada hupenya mawingu na giza la miezi mingi, na leza hupima kimo cha barafu kilivyoshuka.

Kwenye Mlima Kenya tatizo ni la kinyume: barafu ni ndogo mno kwa jicho hilo. Nukta moja ya picha za Landsat ya kwanza ilifunika eneo linalokaribia uwanja wa mpira. Nukta za leo ni za mita 30 kwa 30, au mita 10 kwa setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, na bado kivuli cha mwamba huweza kumeza nukta kadhaa. Zaidi ya hayo, setilaiti hizo hupita mwendo wa saa nne na nusu asubuhi, wakati mara nyingi mawingu yameshaanza kujikusanya kileleni. Krapf aliyajua mawingu hayo vizuri.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, waliounganisha kazi ya mlimani na picha kali zaidi, walionyesha kwamba Lewis ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Kati ya 2004 na 2016 barafu yote ya mlima ilipungua kwa asilimia 44. Kufikia 2021 na 2022 iliyobaki ilikuwa kilomita za mraba 0.07 hivi, pungufu ya viwanja kumi vya mpira. Wataalamu wanatarajia iishe kabla ya 2030. Chanzo si joto peke yake. Tangu mwisho wa karne ya 19 hewa ya Afrika Mashariki ilikauka, theluji ikapungua, na jua likapata nafasi ya kuila barafu isiyofunikwa upya. Ongezeko la joto duniani likaja kumalizia.

Makueni nao wana mlima wao wa kutazama. Ukiwa Emali asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro hujitokeza upande wa kusini. Ramani ya 1912 iliipa kilomita za mraba 12 za barafu. Sasa imebaki takriban moja.

Je, mito itakauka? Hapa Rumu alisema kweli, ila si kweli yote. Sehemu ya maji ya Tana inayotoka kwenye barafu ni ndogo sana. Mto hulishwa na mvua na misitu ya Mlima Kenya na Aberdare. Chemchemi za Kibwezi nazo hutokana na mvua inayozama kwenye miamba ya Chyulu. Anayetaka kulinda mtungi wake na autazame msitu kwanza.

Siku moja baada ya mvua utasimama kwenye kilima cha Kitui na kuona weupe juu ya pembe mbili. Usiharakishe kusema umeona alichokiona Kivoi. Huenda ni theluji ya jana usiku tu, ambayo kufikia adhuhuri itakuwa maji. Kutoka kilimani hutaweza kutofautisha theluji hiyo na barafu, na hata setilaiti inaweza kukosea. Ndiyo maana wapimaji husubiri picha za kiangazi, na hata wakiwa nazo, bado mtu hulazimika kupanda na mti wake.