Hasira za John McEnroe

Katika viwanja vyetu hapa Kiritiri, ambako mistari huchorwa kwa majivu na kufutwa na upepo, ugomvi juu ya mpira uliotoka au usiotoka si jambo geni. Kwa hiyo kisa cha John McEnroe, bingwa wa tenisi wa Marekani, chatuhusu.

McEnroe alizaliwa mwaka 1959 huko Wiesbaden, Ujerumani, baba yake akiwa katika jeshi la anga la Marekani, akakulia New York. Alicheza kwa mkono wa kushoto, mwepesi wa kuuendea wavu. Mwaka 1977, akiwa kijana wa miaka 18, alifika nusu fainali ya Wimbledon. Baadaye alishinda mashindano ya Marekani mara 4 na ya Wimbledon mara 3. Ndiye aliyempokonya Björn Borg wa Sweden taji la Wimbledon mwaka 1981, baada ya Borg kulishika miaka 5 mfululizo.

Lakini mkono huo wenye ufundi ulitumikia moyo wenye hamaki. Aliwakemea waamuzi, akavunja raketi, akatozwa faini. Baada ya ushindi wa 1981, klabu ya Wimbledon haikumpa papo hapo uanachama wa heshima ambao kwa desturi hupewa bingwa mpya. Mwaka 1984 alishinda michezo 82, akashindwa 3 tu; mmoja wa hiyo ulikuwa fainali ya Ufaransa. Alitangulia kwa seti 2, akaghadhibika kwa makelele ya kando ya uwanja, na Ivan Lendl akampita. Januari 1990, huko Melbourne, akiongoza kwa seti 2 kwa 1, aliwatukana wasimamizi, akatolewa mchezoni. Kanuni ilikuwa imepunguza idadi ya maonyo, naye hakuwa na habari.

Hata hivyo, tusimpime kwa ulimi wake peke yake. Mwaka 1980 alikataa fedha nyingi za kucheza na Borg huko Bophuthatswana, kwa kuuchukia ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Tena aliisaidia nchi yake kutwaa Kombe la Davis mara 5, mara ya mwisho mwaka 1992.

Mwaka 2025 Wimbledon iliwaondoa waamuzi wa mistari, kazi yao ikafanywa na mitambo. Mitambo hukata shauri la mpira. Shauri la moyo hulikata mchezaji mwenyewe. Wahenga walisema, hasira hasara. McEnroe aliilipa hasara hiyo kwa mataji. Sisi na tujifunze bila kulipa.