Ewaso Nyiro: Mto wa pembe, ngozi na kiu

EWASO Nyiro Kaskazini ndio mto mkuu wa nyanda kame zilizo kati ya Mlima Kenya na Lorian. Jina lake ni la Kimaa, na maana yake ni mto wa maji ya rangi ya udongo. Usichanganywe na Ewaso Nyiro Kusini, unaoingia Ziwa Natron nchini Tanzania.

Vijito vyake hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Ukishapita Laikipia, mto huteremka hadi Archer's Post, hukatiza kati ya mbuga za Samburu, Buffalo Springs na Shaba, hufika Merti na kuishia katika kinamasi cha Lorian. Mvua ikizidi, maji hufuata mkondo wa msimu wa Lagh Dera, kupitia Habaswein na pande za Dadaab na Liboi, kuelekea Mto Juba nchini Somalia. Eneobunge la Lagdera, Garissa, limepata jina lake kwa mkondo huo.

Mwishoni mwa 1892, Mmarekani William Astor Chanler na Ludwig von Höhnel waliufuata mto huo wakitarajia ziwa kubwa, walikuta kinamasi. Enzi hizo bidhaa iliyosakwa kaskazini ilikuwa pembe za ndovu. Mwingereza Arthur Neumann aliziwinda kati ya Mlima Kenya na Ziwa Rudolf, ambalo sasa ni Turkana, huku misafara ya Wasomali ikizisafirisha hadi pwani yao.

Baadaye ikaja zamu ya ngozi. Punda milia wa Grevy, mwenye milia myembamba, aliuawa kwa wingi kwa ajili ya ngozi yake. Idadi yake, iliyokadiriwa kuwa 15,000 katika miaka ya 1970, imeshuka hadi takriban 3,000, wengi wao wakiwa Kenya. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara za wanyamapori.

Marufuku hayo hayakuyagusa maji. Mashamba ya nyanda za juu huyachota kwa umwagiliaji, na katika kiangazi kikali mto hukauka kabla ya kufika Lorian. Sheria ya Maji ya 2016 humtaka mwenye kuchota kwa umwagiliaji awe na kibali. Kwa wafugaji wa Merti na Habaswein, utekelezaji wa vibali hivyo ndio huamua kama mifugo itakunywa mtoni au itapelekwa visimani.